Vitabu Visivyofunguka

Binti yangu alirudi kutoka Dar es Salaam na begi moja la nguo, cheti cha chuo ndani ya bahasha ya kaki, na kompyuta. Cheti akakiweka juu ya kabati, na sijamwona akikishusha. Kompyuta akaiweka kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, akaichomeka kwenye umeme, na ikawa ndiyo kazi. Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani kwangu hapa Lindi mjini, na nimezoea kwamba mtu aliyekaa kitako tangu asubuhi mwishowe anainuka na kitu mkononi, iwe gauni au japo suruali iliyotiwa kiraka. Yeye alikuwa akiinuka na macho mekundu tu.

Mimi si mtu wa subira na sijawahi kujifanya ninayo. Nilimsema wakati wa chai, nikamsema wakati wa chakula, na wateja wakija kupima nguo nilimsema kwa mafumbo wao wakisikia. Alinijibu kwa adabu kwamba kazi anaomba kila siku, kwa kompyuta hiyo hiyo, na akichoka kukataliwa anacheza gemu kidogo. Hicho kidogo chake kilikuwa kinaanza baada ya chai na kinafika alasiri. Nilikuwa na hasira naye, na chini ya hasira nilikuwa na hofu, kwa sababu niliona mtoto wangu anazoea kukaa.

Siku moja ya masika mvua ikanyesha mpaka barazani hakukaliki. Nikaingiza cherehani ndani, lakini ndani kulikuwa na giza, siwezi kutunga uzi gizani. Mahali pekee penye mwanga palikuwa mbele ya kompyuta. Nikakaa kwenye mkeka karibu na kiti chake, nikasema haya, nionyeshe hicho kinachokumalizia ujana.

Ilikuwa dunia iliyokwisha. Alinieleza kwamba zamani yalipigwa mabomu makubwa, na waliobaki wanaishi kwenye magofu, wanakula vyakula vya makopo vya enzi hizo na wanauana kwa ajili ya maji safi. Yeye alikuwa mmoja wao, mwanamke mwenye begi mgongoni na bunduki kuukuu, na kadiri anavyotembea anaongezeka nguvu na akili. Nikamuuliza anashindaje. Akasema hakuna kushinda sana, mama, unaishi tu. Nikamwambia basi mbona hilo sisi tunalifanya bure hapa Lindi. Akacheka, na zilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka, kwa hiyo nikabaki.

Huyo mwanamke wake alikuwa amefika kwenye jengo kubwa lenye ngazi za mawe. Mlango ulikuwa umelala chini. Ndani dari lilikuwa limeporomoka na mti umeota katikati ya meza, na marafu yameegemeana kama watu waliochoka msibani. Nyuma ya meza ya mapokezi kulikuwa na mifupa ya mtu, bado iko kitini, na muhuri wa kugonga vitabu uko karibu na mkono. Binti akasema hapa ilikuwa maktaba. Nilitaka kumwambia atoke, maana mahali penye maiti isiyozikwa si pa kuchezea. Badala yake nikavuta mkeka mbele.

Vitabu vilikuwa kila mahali, vyeusi, vimetapakaa sakafuni. Kila alipokisogelea kimoja maandishi yalitokea juu yake, na binti akanisomea kwamba ni kitabu kilichoungua. Kingine, kitabu kilichoungua. Kingine tena. Nikamwambia afungue hata kimoja tuone kinasema nini.

"Havifunguki, mama. Vya kuungua ni uzito tu."

Nikamwambia abebe. Akasema hakuna mchezaji anayevibeba, havina faida yoyote, vinajaza begi tu. Nikamwambia sikumuuliza kuhusu faida. Basi akavibeba, kimoja kimoja, kwa kuniridhisha, kama mtoto anayefungua mdomo anyweshwe na bibi dawa ya mitishamba. Kwenye kona moja tulikuta duara la majivu sakafuni, na kando yake majalada yasiyo na kurasa. Akanieleza kwamba watu walijificha humo wakati wa baridi, wakaota moto kwa kuchoma vitabu. Lilinichoma hilo, lakini sikuweza kuwalaumu. Mtu anayetetemeka haangalii kuni zimeandikwa nini.

Begi likajaa mpaka yule mwanamke akashindwa kukimbia, akawa anatembea kama aliyejitwika ndoo mbili. Majambazi waliokuwa ghorofani wakashuka, na kwa mwendo ule hakufika popote. Akaanguka kifudifudi kwenye ngazi.

"Sasa umeniua, mama," binti yangu akasema, wala hakukasirika.

Akabonyeza pale na hapa, na tazama, mwanamke akawa amesimama tena mlangoni, mzima, na vitabu vyote vimerudi mahali pake kana kwamba hakuna aliyevigusa. Akasema ndivyo ilivyo, alikuwa ameihifadhi gemu kabla ya kuingia. Mabomu yake hayakunishangaza, lakini hilo lilinishangaza sana, kwamba mtu anakosea kisha anarudi mlangoni.

Mara ya pili hakubeba kitu. Alipanda juu polepole kwa kujificha, akaingia chumba kidogo ambacho bati lake lilikuwa limetoboka. Chini ya tundu lile kulikuwa na sanduku, wazi, na maji yanadondokea ndani yake. Juu ya nyumba yetu mvua nayo ilikuwa inapiga bati, na kwa muda sikuweza kutofautisha maji yapi ni ya kwenye kompyuta na yapi ni ya kwangu. Akachungulia sandukuni. Karatasi zilikuwa zimevimba na kushikana zikawa tonge moja. Nikamwambia zima. Akaniuliza nimepatwa na nini, nikamwambia sanduku la babu yako.

Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kule Mchinga. Maisha yake yote alikuwa mwalimu wa chuo, anafundisha watoto Kurani, na muda uliobaki alikuwa anaandika. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na baba yake, kwenye madaftari ya shule na karatasi za kufungia sukari, chochote alichopata, akavitia vyote kwenye lile sanduku, chini ya bati bovu. Kulikuwa na nani kazaliwa lini na nani kafa, na mirathi ya watu ilivyogawanywa, na dawa za tumbo. Kulikuwa na mashairi. Mimi nilikhitimu msahafu nikiwa mtoto, lakini msahafu una irabu zake juu na chini, unakushika mkono. Mwandiko wa baba haukuwa na irabu na ulikuwa wa haraka, umeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari kilichoandikwa. Sikuweza kusoma hata mstari.

Nilichokitaka humo ndani ni kitu kimoja. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijang'oa meno ya utoto, na picha yake haipo hata moja. Baba alimtungia utenzi. Kila mwaka tulipomfanyia hitma, watu wakishasoma na kula ubwabwa na kuondoka, baba alikuwa anatoa daftari lake na kuimba ule utenzi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, peke yake ukumbini. Mimi nilikuwa nausikia nusu nimelala. Nakumbuka ubeti wa kwanza:

Bismillahi naandika
Machozi yanamwagika
Mwenzangu ameondoka
Nyumba imekuwa giza.

Baada ya hapo nakumbuka vipande tu, kwamba alicheka akijiziba mdomo kwa kanga, na kitu fulani kuhusu kisima. Sura ya mama yangu yote ilikuwa mle. Hapa Lindi nilikuwa nimempata mzee mmoja anayejua kusoma miandiko ile, tukakubaliana kwamba nitamletea daftari, yeye atasoma na mimi nitaandika.

Mbona sikulichukua mapema? Kwanza mjane alikuwa ndani ya eda, na mwenye adabu haingii kuchakura sanduku la marehemu huku mke wake bado amekaa eda. Alipotoka eda ukawa msimu wa sare za shule, nikawa nashona mpaka mgongo unakatika. Kisha mvua zikaanza, nikasema zikipungua. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wajinga, na mimi nilikuwa nausikia ule ukuta ukianguka.

Kesho yake mvua ilikatika asubuhi, tukapanda gari la Mchinga mimi na binti yangu. Njiani alisema tusihangaike kubeba makaratasi yaliyolowa, yatachanika. Tutayatandaza yakauke, yeye atapiga picha kila ukurasa kwa simu, na yule mzee atasoma kwenye kioo. Nilimtazama. Huyu ndiye niliyekuwa namwambia hana faida. Nikafurahi, na mkoba wangu ulikuwa na mifuko ya nailoni na taulo mbili za kukaushia.

Nyumbani Mchinga alikuwa amebaki mama mdogo, mke aliyeolewa na baba baada ya mama yangu. Yeye ni wa Tingi, mtu wa shamba, alikuja pwani akiwa binti mdogo na mpaka leo akikasirika Kimatumbi kinamtoka kabla ya Kiswahili. Ndiye aliyenilea. Hakunipiga wala hakunibagua chakula, na sisi wawili tumeishi kwa heshima miaka yote, heshima ile ya watu wanaopishana mlangoni. Tulimkuta ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akamkumbatia mjukuu wake, akataka kuinuka kuweka chai. Nikamwambia chai baadaye, nataka kwanza kuliona sanduku la baba.

"Lipo chumbani," akasema. "Nimelisafisha."

Lilikuwa limesafishwa kweli. Lilikuwa limesogezwa mbali na pale panapovuja, limefutwa, limewekewa karafuu kwa ajili ya mende. Nikafunua. Ndani kulikuwa na madaftari yangu ya shule ya msingi, yamepangwa vizuri. Kulikuwa na kalenda kuukuu, kadi za kliniki, kitabu cha hesabu kisicho na jalada, na gazeti la kuwekea sahani. Kila kitu kilichoandikwa kwa herufi za shule kilikuwepo. Mwandiko wa baba haukuwepo hata karatasi moja.

Nilidhani ameyahamishia penye ukavu. Nikamwita, akaja na ukili wake mkononi, na akanieleza akiwa na uso wa mtu anayengoja kushukuriwa. Mvua za kwanza zilipoanza bati lilivuja juu ya sanduku, na mchwa nao wakawa wamepanda kutoka chini. Karatasi zikaanza kukatika vipande, vipande vinapeperuka mpaka uani. Siku moja akamwona kuku amesimama juu ya kipande chenye jina la Mungu. Usingizi ukamwisha. Akatia udhu, akayakusanya yote, akayafunga kwa bafta nyeupe mpya pamoja na mawe, na jirani mmoja mvuvi akamchukua kwa mashua mpaka nje ya mwamba kwenye kina, wakasoma Fatiha, wakayatosa.

"Kila daftari lilianza na Bismillahi," akasema. "Ningeyaacha yakanyagwe na kuku, mwanangu? Baba yako angeniuliza."

Ni kweli. Baba alianza kila kitu kwa Bismillahi, hata dawa ya kuhara. Na ni kweli kwamba ndivyo tulivyolelewa sote: msahafu uliochakaa hautupwi jalalani, unafukiwa mahali safi au unatoswa penye maji mengi. Alifanya kwa utaratibu wote na kwa kitambaa kipya. Kama angekuwa ameyatumia kuwasha moto wa kupikia ningemfokea mpaka majirani wakaja, kwa sababu ningekuwa na haki. Hapa sikuwa na haki yoyote. Nikamwambia ahsante mama, nikatoka nyuma ya nyumba, nikalia nimeshika taulo zangu mbili.

Binti yangu akanifuata. Namshukuru kwamba hakuniambia maji yakimwagika hayazoleki, kwa sababu ningemzaba kofi na umri wake ule. Nilikuwa nafikiria yule mwanamke wake aliyesimama tena mlangoni mwa maktaba, na vitabu vyote vimerudi. Nilitamani kurudi nyuma kiasi kidogo tu, kabla ya hiyo bafta. Kisha wazo jingine likanijia na likanitisha: kwamba katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyekuwa na sababu ya kuuchukia ule utenzi. Nililichunguza wazo lile, likakataa kuondoka, na mimi siwezi kukaa na kitu moyoni. Nikarudi ndani.

"Mama, utenzi wa mama yangu ulikuwemo humo. Ulijua?"

Aliweka ukili chini. Nadhani alikielewa chote nilichouliza, na kile nilichoogopa kuuliza.

"Ningejua uko kwenye lipi ningekutolea," akasema. "Si kwa ajili yangu. Kwa ajili yako."

Nilimwamini. Ningekuwa na nafuu zaidi kama nisingemwamini, kwa sababu ningekuwa na mtu wa kumkasirikia. Kuku wakawa wanaingia na kutoka. Kisha akasema kwamba daftari limekwenda lakini maneno ameyasikia miaka mingi, na jikoni na ukumbini ni ukuta mmoja.

Akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya kizee, lakini mahadhi yalikuwa ya baba, na pale baba alipokuwa anavuta pumzi naye akavuta. Ubeti wa kwanza ulikuwa ule ninaoujua. Wa pili sikuujua. Binti yangu alikuwa ameshatoa simu, ameiweka juu ya goti, anarekodi. Na mama yangu akaingia mle ukumbini. Alikuwa mwembamba, mweusi, mwoga wa vyura, ambaye hakwenda kisimani peke yake wakati wa mvua mpaka baba amtangulie na fimbo. Alikuwa akicheka akijiziba mdomo kwa kanga kwa sababu ya jino lililopanda. Mimi pia ninalo jino lililopanda, upande wa kushoto, na maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia nimelitoa wapi. Nilikuwa nalia na nina furaha, na nilitaka asinyamaze.

Akaimba ugonjwa. Akaimba asubuhi ya msiba, na jeneza linavyotoka, na udongo unavyosawazishwa kwa mikono. Hapo akanyamaza.

"Endelea, bibi," binti yangu akasema.

"Hapo huwa natoka."

Tulidhani amechoka, binti akataka kumletea maji. Akatikisa kichwa. Akachukua tena ukili wake, akautafuta mwisho wake kwa vidole, akazungumza akiutazama huo.

"Niliusikia wote mara moja, mwaka nilioolewa. Baada ya udongo anasema kwamba baada yake hapana mke. Na mimi nimesimama mlangoni nimeshika sinia la ubwabwa wa hitma yake, nimepika mwenyewe. Mwaka wa pili alipofika kwenye udongo, nikatoka nje kuosha vyombo. Na miaka yote iliyofuata."

Nilimwonea huruma, huyu aliyempikia mama yangu hitma mwaka baada ya mwaka na mimi nikala ubwabwa ule bila kuuliza umepikwa na moyo gani. Na bado, katikati ya huruma hiyo, nilikuwa nazitaka zile beti zilizobaki. Nisiseme uongo. Nilizitaka hata kama ndizo zilizomtoa nje.

Binti yangu akauliza kwa sauti ya chini zilikuwa zimebaki beti nyingi kiasi gani. Mama mdogo akafikiri. Akasema hajui, hakuwahi kuzihesabu, ila alikuwa anamaliza kuosha masufuria yote ya hitma, na masinia, na sahani za watu wote, na akirudi mlangoni baba bado anaimba.